Wavu, Wembe na Kabati la Juu: Historia ya Jeni Zinazoshinda Dawa

Popote ulipo, uwe Sori ukingoja mashua za omena ziingie, uwe Awendo kwenye shamba la miwa, uwe kivukoni Mbita au sokoni Oyugis, vuta kiti ukae. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye kijitabu, karibu pia. Ukimaliza, msomee jirani.

Leo hatutaanza na ugonjwa. Tutaanza na kabati la dawa.

Ukiingia katika hospitali kubwa, dawa za kuua bakteria, zile tunazoziita antibayotiki au viuavijasumu, hupangwa kwa ngazi. Rafu ya chini ina dawa za kila siku: amoksisilini, penisilini, jentamaisini. Rafu ya katikati ina sindano kali zaidi kama seftriaksoni. Halafu kuna rafu ya juu kabisa. Huko hukaa dawa chache na za bei ghali, ambazo daktari huzichukua pale zile nyingine zimeshindwa. Kundi moja la dawa za rafu hiyo linaitwa kabapenemu, na dada yao anayejulikana zaidi ni meropenemu.

Sasa jiulize: siku daktari atakapofungua rafu ya juu, achukue meropenemu, ampe mgonjwa, na bakteria wasife, atainua mkono wake kwenda wapi tena? Juu ya hapo kuna paa tu.

Hiyo ndiyo hadithi ya leo. Ni hadithi ya kweli, na sehemu yake moja ilitokea hapa Kenya.

TULISHAONA JAMBO HILI NA KLOROQUINI

Wazee wetu wanaikumbuka kloroquini. Mtoto akipata homa ya malaria, alipewa vidonge vile vichungu, akakunja uso, na baada ya siku tatu alikuwa akicheza. Kisha vidonge vikaanza kushindwa. Mwaka 1998 Kenya iliiacha kloroquini, ikashika dawa za aina ya Fansidar. Hazikudumu. Mwaka 2004 serikali iliamua kuhamia dawa mseto zenye atemisinini, na kufikia mwaka 2006 zilianza kufika katika vituo vyetu.

Siku zile watu wengi walisema, "Mwili wangu umezoea dawa." Mpenzi msikilizaji, sivyo. Mwili wako haukuzoea kitu. Aliyebadilika ni kijidudu. Vile vilivyoweza kuvumilia dawa vilibaki hai, vikazaana, na watoto wao wakarithi uwezo huo. Hali hii ndiyo tunayoiita usugu wa dawa.

Kijidudu cha malaria si bakteria, na dawa zake ni tofauti. Lakini somo ni lile lile, na kwa bakteria mambo ni mazito zaidi, kwa sababu ambayo utaisikia sasa hivi.

WAVU NA WEMBE

Mwaka 1928, mjini London, daktari mmoja aitwaye Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioota katika sahani yake ya maabara ulikuwa ukiua bakteria waliokuwa karibu nao. Kutokana na ukungu huo ikapatikana penisilini. Katika Vita Vikuu vya Pili iliokoa maisha ya askari wengi, na baada ya vita ikaenea duniani kote.

Penisilini inafanyaje kazi? Bakteria ana ukuta unaomshikilia asipasuke. Penisilini humzuia kuujenga ukuta huo, naye hupasuka akafa. Hebu tuifananishe dawa na wavu wa mvuvi. Bakteria wakiingia ndani, hawatoki.

Lakini mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa watu wengi, wanasayansi wawili wa Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain, waligundua kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kitu kinachoivunja dawa yenyewe. Kitu hicho ni kimeng'enya. Kwa lugha yetu ya uvuvi, tuseme samaki alikuwa na wembe mdogo wa kuukata wavu.

Na wembe huo hutengenezwa kwa maelezo yaliyoandikwa ndani ya bakteria. Maelezo hayo ndiyo tunayoyaita jeni. Kama wewe ulivyorithi sura ya mama au kimo cha baba, bakteria naye hurithi jeni kutoka kwa mzazi wake.

Fleming mwenyewe alitahadharisha. Mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, alieleza kwamba mtu akitumia penisilini kidogo isiyotosha, hawaui bakteria bali anawafundisha kuishinda dawa. Alisema hayo miaka 80 iliyopita. Tulisikia?

BAKTERIA HUAZIMANA

Baada ya vita, Japani ilisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara damu. Madaktari walishangaa kuona bakteria wa ugonjwa huo wakishinda dawa nne kwa wakati mmoja. Mwaka 1959 watafiti wa Japani, wakiwemo Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, walitoa jibu lililowatisha wengi: bakteria wa aina moja walikuwa wakiwapa bakteria wa aina nyingine jeni za usugu, mkono kwa mkono.

Sikiliza vizuri hapa. Binadamu hupokea jeni kutoka kwa wazazi wake tu. Huwezi kukaa kwenye matatu karibu na mtu mrefu, ukashuka Rongo ukiwa mrefu. Lakini bakteria anaweza. Jeni zake nyingi za usugu hukaa kwenye kijiduara kidogo kinachoitwa plasmidi. Bakteria mmoja hunakili kijiduara hicho na kumpa jirani, hata kama si wa ukoo wake. Ni kama mvuvi anayemwonyesha jirani yake fundo jipya. Kufikia jioni, ufuo mzima unalijua.

Na mara nyingi plasmidi moja hubeba nyembe kadhaa. Kwa hiyo bakteria hupokea usugu wa dawa tatu au nne katika zawadi moja.

WAVU WA CHUMA

Wanasayansi hawakukaa kimya. Kila bakteria walipopata wembe mpya, wao walisuka wavu mgumu zaidi. Mwaka 1976 watafiti wa kampuni ya Merck ya Marekani walitangaza dawa iliyotoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces cattleya. Kutokana na dawa hiyo walitengeneza imipenemu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985. Meropenemu ilifuata huko mwaka 1996. Hizo ndizo kabapenemu. Nyembe nyingi zilizokuwepo wakati ule hazikuweza kuzikata. Ulikuwa wavu wa chuma.

Hata hivyo, wembe wa kukata chuma nao ulitokea. Miaka ya 1990 mwanzoni, Japani ilieleza jeni iliyopewa jina IMP. Mwaka 1996, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, alipatikana bakteria mwenye jeni iitwayo KPC. Mwaka 1997 mji wa Verona, Italia, ulitoa jeni iliyoitwa VIM. Mwaka 2001, mjini Istanbul nchini Uturuki, ikaonekana OXA-48.

Kisha ikaja ile iliyotikisa dunia. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja aliyekuwa amelazwa New Delhi, India, alirudi Uswidi akiwa na bakteria aitwaye Klebsiella, ambaye karibu kila dawa ilimshindwa. Mwaka 2009 wanasayansi walieleza jeni mpya iliyokuwa ndani yake, wakaiita NDM-1 kwa jina la mji wa New Delhi. India ililalamika sana, ikasema mji wake umechafuliwa jina.

Na je, jina la jeni hutuambia ilikozaliwa? Hapana. Jina hutuambia tu ni wapi mtu aliangalia kwanza. Ushahidi wa hilo uko hapa kwetu.

NAIROBI, MIAKA YA 2006 HADI 2009

Mwaka 2008 wanasayansi walichapisha habari za bakteria aitwaye Pseudomonas kutoka hospitali moja kubwa ya Kenya. Huyu hupenda majimaji na vidonda, hasa vya watu walioungua. Ndani yake walikuta jeni ya VIM, wa jamii ile ya Verona.

Mwaka 2011 ikatoka habari nyingine. Daktari Gunturu Revathi wa Nairobi, pamoja na wenzake wa Ufaransa akiwemo Patrice Nordmann, walichunguza bakteria wa Klebsiella waliohifadhiwa kutoka kwa wagonjwa wa hospitali moja ya Nairobi kati ya mwaka 2007 na 2009. Walikuta NDM-1. Angalia tarehe hizo, mpenzi msikilizaji. Wakati dunia ilipokuwa ikibishana kuhusu jina la New Delhi, jeni hiyo hiyo ilikuwa imeshalala katika wadi ya Nairobi. Ilijulikana kwa sababu kulikuwa na maabara ya kuotesha bakteria, na watu waliowatunza bakteria hao na kuwachunguza.

Tangu wakati huo, watafiti wa hapa nchini wameendelea kuzipata jeni za namna hii, zikiwemo NDM-1 na nyingine iitwayo OXA-23, katika bakteria kutoka hospitali za Kenya. Jeni haiulizi mpaka wa kaunti. Mgonjwa hutoka Migori akapelekwa Kisii, akahamishiwa Kisumu, Eldoret au Nairobi, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani amepona mguu au figo. Tumboni mwake anaweza kurudi na bakteria ambao hakwenda nao. Yeye haumwi, wala hana kosa. Lakini bakteria wamesafiri kwa nauli yake.

NA SISI WA MIGORI NA HOMA BAY?

Huenda unasema, "Hayo ni mambo ya Nairobi na Uturuki. Mimi meropenemu sijawahi hata kuiona." Ni kweli, na hapo ndipo penye fumbo. Rafu ya juu hailindwi na kufuli lake. Hulindwa na rafu ya chini.

Fuata mlolongo huu. Mtu ana mafua, na mafua ni ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiwezi kuuponya. Anakwenda dukani, ananunua vidonge vinne vya rangi mbili kwa kuwa pesa alizonazo zinatosha vinne. Vidonge hivyo havigusi mafua. Vinaua bakteria dhaifu walioko tumboni, na kuwaachia uwanja wale wenye wembe. Hayo yakirudiwa katika nyumba elfu moja, amoksisilini inachoka. Daktari anapanda rafu ya katikati, anatumia seftriaksoni. Seftriaksoni ikitumiwa kwa kila homa, nayo inachoka. Sasa analazimika kupanda juu, kwenye meropenemu. Na kila sindano ya meropenemu huwapa nafasi bakteria wenye NDM na wenzake wabaki peke yao.

Hapa nyumbani kuna ushahidi. Kati ya mwaka 2016 na 2019 ulifanywa utafiti ulioitwa Toto Bora, kwa watoto 1,400 waliokuwa wakitoka hospitalini magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Homa Bay na Kisii. Wanasayansi walijua kwamba watoto wengi hufariki miezi michache baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wakauliza: tukimpa mtoto antibayotiki ya azithromaisini kwa siku tano anapotoka, je, tutamwokoa? Nusu ya watoto walipewa dawa, nusu maji yasiyo na dawa, kisha wakafuatiliwa kwa miezi sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa haikupunguza vifo wala kurudi hospitalini. Na walipochunguza vinyesi vya watoto hao siku ya kutoka wadini, watafiti waliwakuta watoto wengi wakiwa wamebeba bakteria wenye nyembe za kuikata seftriaksoni, dawa ya rafu ya katikati.

Wazazi waliokubali watoto wao waingie katika utafiti ule wametufundisha jambo kubwa. Antibayotiki si dawa ya "kujikinga tu, huenda ikasaidia". Bila sababu, haimsaidii mtoto, na mlango wa usugu unabaki wazi.

Kuvuka ghuba kidogo, huko Siaya na Kisumu, kuna kazi iitwayo CHAMPS, iliyochunguza kwa makini chanzo cha vifo vya watoto wadogo, kwa ruhusa ya wazazi waliofiwa. Bakteria aliyejitokeza mara kwa mara ni yule yule, Klebsiella. Ndiye aliyebeba NDM-1 Nairobi. Ndiye hupenda wadi za watoto wachanga.

MTOTO WA SIKU NNE

Hebu tufikirie mama mmoja, tusimtaje jina. Amejifungua mtoto kabla ya wakati. Siku ya nne mtoto anakataa kunyonya, mwili umepoa, anapumua haraka. Bakteria wameingia katika damu. Muuguzi anaanza penisilini na jentamaisini, kama mwongozo wa Kenya unavyosema. Saa arobaini na nane zinapita, hakuna mabadiliko. Wanapanda rafu ya katikati. Hakuna. Wanatafuta meropenemu, baba anatumwa na boda boda kwenda kuinunua mjini, ng'ombe imeuzwa.

Kama bakteria yule hana wembe wa chuma, mtoto huyo atakwenda nyumbani, na siku moja ataanza darasa la kwanza. Kama anao, zimebaki dawa chache mno. Moja ni kolistini, dawa ya miaka ya 1950 ambayo madaktari walikuwa wameiweka kando kwa sababu inaumiza figo. Na hata kolistini, mwaka 2015 China ilitangaza jeni ya plasmidi inayoishinda.

Kote duniani, wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu bakteria waliowaambukiza walikuwa sugu. Ni hesabu kubwa isiyoingia akilini. Kwa hiyo wewe mkumbuke huyo mmoja wa siku nne.

TUFANYE NINI BASI?

Kenya ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, kisha wa pili wa mwaka 2023 hadi 2027. Mipango ni mizuri, lakini wavu hushonwa na wengi. Haya ndiyo ya kwako.

Kwanza, usinunue antibayotiki bila kuandikiwa na mhudumu wa afya. Sheria ya Kenya pia inasema hivyo. Mafua na kikohozi chepesi havihitaji. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki. Akiharisha damu, mpeleke kituoni.

Pili, ukiandikiwa, tumia kama ulivyoelezwa, kipimo kamili na siku zote ulizopewa. Usimgawie jirani, usiweke nusu ya kesho.

Tatu, uliza. Sema, "Daktari, je, ugonjwa huu ni wa bakteria? Kuna kipimo?" Hasa ukiambiwa una taifoidi. Kipimo cha haraka cha damu hukosea mara nyingi, na watu wengi wamemeza dawa za taifoidi ambayo hawakuwa nayo.

Nne, mikono. Jeni hizi husafiri kwa mikono michafu, beseni, kinyesi na maji. Ukienda kumwona mgonjwa wadini, nawa unapoingia na unapotoka. Usikae juu ya kitanda cha mgonjwa mwingine. Nesi akikuzuia kuingia chumba cha watoto wachanga, usimkasirikie. Analinda rafu ya juu.

Tano, chanjo. Mtoto asiyeugua nimonia hahitaji dawa ya nimonia. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011, bila malipo.

Sita, wafugaji. Kuku na nguruwe wasipewe antibayotiki ili wanenepe. Muulize daktari wa mifugo.

Na neno moja kwa ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na wanaotibiwa kifua kikuu: mazungumzo haya yasikufanye uache dawa zako. Septrin uliyoandikiwa kliniki, dawa za kupunguza makali na dawa za kifua kikuu, endelea nazo kama ulivyoelekezwa mpaka daktari wako aseme vingine. Tunayemkataza ni anayemeza bila sababu. Wewe unayo sababu.

Mpenzi msikilizaji, tangu ukungu wa Fleming hadi leo, kila wavu tuliousuka umepata wembe wake. Kinachotofautiana ni muda. Nyavu nyingine zimedumu kwa sababu zilitumiwa kwa uangalifu, nyingine zimechanika mapema kwa sababu kila mtu alizitupa majini bila mpango. Ule wa rafu ya juu bado unashika kwa wagonjwa wengi. Tusiuchane kwa vidonge vinne vya mafua.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Nyumbani kwako kuna antibayotiki zilizobaki? Zilibaki kwa nini? Zirudishe katika kituo cha afya au duka la dawa lenye mfamasia, usizitupe chooni wala ziwani.

Mpaka tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Oriti.